Ukuta Uliofunikwa Turubai

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi. Hii ya leo ukiisikia yote hulali vizuri, na mwisho wake mtaulizwa. Atakayesema "sijui" ataosha vyombo.

Walikuwepo wanawake watatu huko Upareni, upande wa tambarare, pale reli inapopita. Wote watatu walikuwa wapangaji kwenye ua mmoja, vyumba vya bwana mmoja ambaye jina lake liachwe, lisichafue mdomo.

Wa kwanza ni Nakijwa. Huyu alipewa mikono. Alikuwa akichota udongo, anauminya, anaunusa, anakwambia hapa tofali litatoka, pale unapoteza maji yako bure. Alilea wajukuu wanne kwa kufyatua tofali za watu, na yeye mwenyewe hakuwa na ukuta hata mmoja hapa duniani.

Wa pili ni Eliwaza. Huyu alipewa mdomo. Aliweza kuingia kwenye harusi asiyoalikwa akatoka na mchango wa msiba. Bahili akikutana naye njiani alikuwa anashika mfuko wa suruali. Watoto wake ni watano, na baba yao alikwenda kutafuta kazi mpaka leo anaitafuta.

Wa tatu ni Mwanjaa. Huyu alipewa makalio. Msicheke. Alikuwa akikaa kwenye benchi la ofisi asubuhi, karani anakwenda kula, anarudi, yeye yupo. Kesho yupo. Keshokutwa yupo. Mpaka mkubwa mwenyewe anatoka ndani anauliza huyu mama anataka nini, apewe aondoke. Nyumbani alikuwa na watoto watatu na mama yake mzazi, ambaye macho yalishazimika.

Sasa yule bwana mwenye vyumba alikuwa na tabia yake. Akiona khanga mpya kwenye kamba, kodi inapanda. Ukichelewa siku tatu hakutoi nje, hapana, anakuja na fundi anang'oa mlango, anaufunga kwenye baiskeli anaondoka nao. Unabaki humo na watoto, na upepo, na mbwa wa watu wanaingia kunusa sufuria.

Siku alipong'olewa mlango, Nakijwa hakulia. Alikaa kizingitini.

"Nusu ya mji huu ni tofali zangu," alisema. "Leo nikamwombe mtu mlango?"

"Usiombe," Eliwaza akamwambia. "Tujenge."

"Tujenge wapi, dada? Kichwani kwako?"

Mwanjaa alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso. "Kiwanja niachieni mimi. Ile ofisi ina benchi."

Basi Mwanjaa akaenda kukaa. Akaambiwa faili limepotea, akakaa. Akaambiwa bwana ardhi yuko semina, akakaa. Wiki sita, na uji wake kwenye chupa. Mwisho wakampa viwanja vitatu vimeungana, nyuma ya josho la ng'ombe, ila karatasi ikatoka moja, na jina moja, la Mwanjaa. Karani alisema nafasi ya kuandika majina matatu haipo.

Eliwaza akaenda kusema. Alisema kanisani, alisema nje ya msikiti, alisema mnadani amesimama juu ya kreti la soda. Kisha akapanda basi, akaingia kwenye kikao cha Wapare wanaoishi mjini, akawaambia, "Nyinyi huku mnabishana rangi ya geti, huko nyumbani mama zenu wanang'olewa milango." Wakaahidi mabati, mbao na saruji ya nyumba tatu, na turubai moja kubwa akapewa palepale abebe.

Nakijwa akaenda kufyatua. Kuni za kuchomea tanuri hazikupatikana, kwa hiyo tofali zilikuwa mbichi, za kukausha na jua tu, na ukuta wa tofali mbichi ukichelewa kuuezeka na kuupiga lipu unarudi kuwa tope. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alifyatua elfu saba. Kucha mbili za mkono wa kulia zilitoka, hazikurudi.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mrindoko, akapuliza baragumu la msaragambo. Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu likilia kila nyumba inatoa mtu na chombo chake. Usipotokea, wanakuja kwako mchana kweupe wanachukua jembe lako, na hulipati mpaka ulipe faini.

Jumamosi ya kwanza watu walijaa. Msingi ulichimbwa nyumba zote tatu, mawe yakabebwa. Wanawake wakapiga kura hapohapo: Mwanjaa akapata ya upande wa josho, Eliwaza ya katikati, Nakijwa ya njiani. Watu wakaanza kunyanyua kuta za ile ya katikati, kwa sababu tu rundo la tofali lilikuwa karibu nayo.

Ndipo ikasikika habari ya mabati. "Wamepata mfadhili," watu wakaambiana kisimani. Basi. Mtu akishasikia neno mfadhili jembe linakuwa zito. Jumamosi ya pili wakaja watu tisa. Ya tatu wakaja wawili, na mmoja alikuja kuazima sepeto.

Nakijwa akaenda kwa mwenyekiti na tope lake miguuni.

"Mwenyekiti, jembe la nani limechukuliwa?"

"Tusisumbue watu, mama. Nyinyi si mna mfadhili?"

"Mwaka jana mzee Senzia alikosa siku moja kwenye mfereji. Mkamchukulia jembe na kuku juu yake."

"Mfereji ni wa wote."

"Na umaskini ni wetu peke yetu."

"Mimi sikusema hivyo," Mrindoko akasema, akapuliza chai yake.

Nakijwa akarudi. Wakajenga wenyewe watatu na fundi mmoja wa kulipwa kidogo kidogo. Ile ya katikati, ya Eliwaza, ikafika kwenye lenta. Ya Nakijwa ikafika madirishani. Ya Mwanjaa, magotini.

Mvua ya vuli ikaja wiki mbili kabla ya siku yake, saa nane mchana. Eliwaza yuko mjini anafuatilia mabati. Mwanjaa yuko ofisini anafuatilia muhuri. Nakijwa yuko pale peke yake, na turubai ni moja.

Hebu mtazameni. Ukuta wake mwenyewe ule pale, anaujua tofali kwa tofali. Alilikunjua turubai, akasimama nalo, maji yanaanza kumchapa usoni. Mikono ile ilijua hesabu yake. Ukuta uliofika lenta ukiufunika leo, wiki ijayo unaezeka. Ukuta wa madirishani ukiufunika, bado una wiki tatu za kunyanyua, na mvua haitasubiri. Akafunika wa Eliwaza. Akapanga mawe juu, pembe moja ikakosa jiwe, akaishika kwa mikono mpaka mvua ikaisha.

Akiwa ameshika pembe ya nyumba ya mwenzake, aliona ukuta wake ukikaa chini. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka.

Mabati yakafika ya nyumba tatu. Nyumba iliyokuwepo ilikuwa moja. Ikaezekwa, ikapigwa lipu, ikawekwa mlango. Mabati yaliyobaki Mrindoko akayapeleka ofisini kwake "kwa usalama," na mwezi haujaisha ofisi ikawa na baraza jipya, limeezekwa vizuri sana. Huku yule bwana wa vyumba naye akawapa notisi wote watatu: mwisho wa mwezi tokeni, nataka kugeuza gesti.

Jumapili wakaja watu wa mjini na magari, kukabidhi nyumba. Na kitongoji kizima kikaja. Kila mtu, na watoto wake, na sahani zake. Nakijwa akawatazama walivyokaa mkekani.

"Siku ya kuchimba mlikuwa wagonjwa," aliwaambia. "Siku ya pilau mmepona."

"Mama, leo ni siku ya furaha," Mrindoko akasema. "Usituharibie wageni."

"Wageni ni nyinyi. Hawa wa mjini angalau walileta mbao."

Hakuna aliyeacha kula.

Mkubwa wa wale wa mjini, mzee mpole mwenye miwani, akatoa ufunguo. "Karatasi yetu inataka familia moja kwa nyumba moja. Naambiwa akina mama wenyewe mnajua. Mwenye nyumba ni nani?"

"Mimi," Eliwaza akasema. "Tulipiga kura mbele ya watu, ikaniangukia ya katikati. Na hata msumari mmoja ungetoka wapi bila mdomo wangu? Hilo turubai lenyewe nililibeba mgongoni kutoka mjini."

"Kura ya kiwanja cha nani?" Mwanjaa akauliza, polepole kama kawaida yake. Akafungua karatasi. "Hapa pameandikwa jina moja tu. Sikuandika mimi, wameandika wao, lakini limeandikwa. Kama si mimi kukaa wiki sita, hapa mngekuwa mnasikia ng'ombe wanakohoa. Mama yangu haoni. Nimpeleke wapi?"

"Karatasi hiyo ulisema ni ya wote," Eliwaza akamwambia.

"Na wewe uliomba mabati ya nyumba tatu. Yako wapi ya kwangu?"

"Muulize mwenyekiti, usiniulize mimi."

Nakijwa aliposema, hata waliokuwa wanakula walisikia.

"Nyinyi wawili siku ile hamkuwepo. Mimi nilikuwepo. Ningefunika wangu, leo hapa kungekuwa na tope tatu na ufunguo wa kufungulia hewa. Hii nyumba ni tofali zangu kuanzia chini, na imesimama kwa sababu niliacha yangu ilale. Eliwaza, nilikushikia pembe. Na leo unaniambia habari ya kura?"

"Nilikutuma?" Eliwaza akasema, na machozi yakamtoka hapohapo kwa aibu ya alichokisema.

Mzee wa miwani akanyoosha mkono wenye ufunguo, akitafuta wa kumpa. Mikono mitatu ikautwaa kwa pamoja. Mmoja hauna kucha mbili. Hakuna uliovuta, na hakuna ulioachia.

Sasa wewe unayefungua mdomo, tulia kwanza. Usiseme wakae wote. Vyumba viwili, watu kumi na sita, na karatasi ya wale wa mjini imekataa. Usiseme wapige kura upya. Kura ya kwanza ilikuwa halali, na mvua haikuiheshimu. Usiseme wajenge nyingine. Watajenga, wakipata nguvu, lakini mwisho wa mwezi ni Alhamisi, na Ijumaa wawili kati yao wanalala nje na watoto. Hasira kwa Mrindoko na wala pilau kuwa nayo, ni haki yako, wala usiimalize. Lakini hasira haimfungulii mtu mlango.

Aliyekaa mpaka ardhi ikapatikana. Aliyesema mpaka mabati yakaja. Aliyefyatua, kisha akafunika ukuta wa mwenzake akitazama wake ukilala.

Ufunguo ni mmoja na mikono ni mitatu. Wewe ungeachisha mikono gani miwili? Na hao wawili ungewaambia nini?