Mtungi Uliokuwa Ukiimba

Niseme, nisiseme? Haya, mmesema niseme.

Palikuwa na zimwi pole lenye mtungi ulioimba kama mtu aliye usingizini. Ukitia mtama jioni, asubuhi unaukuta umebadilika. Bwana Shaali, tajiri wa mji, alitia gunia akatoa mawili. Bi Mashavu, mjane, alitia kibaba akatoa nusu. Akarudi mara ya pili, akapata nusu tena.

"Babu, mbona wangu hupungua?" aliuliza.

"Mtama mchache huchoka njiani, mjukuu wangu," zimwi likajibu kwa sauti tamu, hata Bi Mashavu akasikia usingizi.

Mara ya tatu aliuchovya mtama wake kwenye hina ndipo akautia. Asubuhi Bwana Shaali alipofungua magunia yake, punje nyekundu zilikuwa zimetapakaa kati ya nyeupe.

"Hizo ni zangu," akasema Bi Mashavu, aliyekuwa amekuja kutazama.

Bwana Shaali akazishika. "Mimi niliambiwa mtungi unazaa."

Bi Mashavu akawaita majirani waje waone. Wote walikuwa wamepata nusu, na kila mmoja alidhani ni bahati yake mbaya. Jioni ile hakuna aliyepeleka hata punje isipokuwa Bwana Shaali. Mtungi ukaimba mpaka alfajiri, na gunia lake likatoka lile lile moja.

Zimwi likaondoka taratibu, likayeyuka ndani ya ukungu. Majirani walikuwa nyumbani wakipika uji, na kila chungu kilijaa.

Kisa nimekitua hapa, anayekitaka akichukue.