Siku Diwani Alipofunguliwa Nira

Maksai mchanga hulima asubuhi tu. Bibi Holo alimwambia hivyo mwanawe, ambaye, hata kabla shule hazijafunguliwa, alikuwa ameshawapangia watoto wake masomo mpaka Jumapili jioni. Mwanawe alipotoka nje amenuna, wajukuu wakamgeukia bibi. Wao ni watoto wa mjini, ng'ombe wa kulima wamemwona vitabuni. Methali hiyo imetoka wapi? Bibi akajiweka sawa mkekani. Si ya kale sana, akasema, na haikuanza kwa hekima. Ilianza kwa ugomvi wa asubuhi, hivi:

"Mwamshe."

"Simwamshi."

"Mama Shija, mwalimu ameshaanza kufundisha. Mwamshe huyo mtoto."

"Yuko macho. Ndicho ninachokwambia, Baba Shija. Yuko macho."

Luhende alichungulia chumbani. Binti yake Minza alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, macho wazi. Hakuwa na homa. Mama yake, Ng'washi, alikuwa amemshika shingoni na kwapani akamkuta wa baridi. Hakuwa analia. Alipoulizwa anaumwa wapi, alijibu bila kugeuka, "Siumwi, mama. Siwezi tu."

"Siwezi ni ugonjwa gani?" Luhende akauliza. "Mwaka ndio kwanza umeanza, yeye hawezi?"

Ilikuwa Januari, na Minza alikuwa ameingia darasa la saba, mwaka wa mtihani. Luhende alikuwa amejiapiza kwamba safari hii hakuna mchezo. Kabla hakujapambazuka mtoto alikwenda tuisheni nyumbani kwa Mwalimu Kyando. Kutoka huko aliingia shuleni. Kengele ya kurudi ikilia, wenzake wakienda nyumbani, yeye alirudi kwa mwalimu mpaka kuku walipopanda kulala. Mchezo wa rede alikatazwa. Hata kuchota maji baba yake alimwondolea, akidhani anampunguzia mzigo. Hakujua kwamba kisimani ndiko wasichana walikokuwa wakichekea. Kwa hiyo mtoto alipunguziwa kazi, akaondolewa kicheko pia.

Ng'washi hakupinga mwanzoni. Naye alitaka mtoto afaulu. Lakini siku zilivyokwenda alianza kuona mambo. Minza alikuwa akimega ugali, akauviringa mkononi, akausahau. Kisha akaanza kung'oa nyusi zake, unywele mmoja mmoja, mpaka jicho moja likabaki tupu juu yake. Na jana yake aliitwa asome mbele ya darasa, akasimama na kitabu, mdomo wazi, neno halikutoka. Wenzake wakacheka. Yeye aliyekuwa akiwasomea wazee barua zao.

"Mwache leo tu," Ng'washi alisema.

"Shija nilimwacha," Luhende akajibu.

Shija alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alifeli darasa la saba, akazurura, akaenda machimboni, na shimo likamwangukia. Walimleta nyumbani amefungwa kwenye turubai. Tangu siku hiyo Luhende alikuwa na imani moja tu, kwamba mwanawe aliuawa na kucheza. Na wao wawili, kwa kuwa ndivyo wazazi wanavyoitana, waliendelea kuitana kwa jina la maiti kila siku, asubuhi na jioni.

"Twende shambani," Luhende alisema. "Tukirudi nisimkute hapo. Nikimkuta, fimbo itamwamsha."

Mvua zilikuwa zimeshika, na wakati wa kulima hakuna anayebaki nyumbani. Ng'washi alimwachia mtoto uji kichwani pa kitanda, akatoka.

Mwaka huo walikuwa wanamfundisha maksai mpya. Watu walimwita Diwani kwa sababu ya kitambi chake. Alifungwa nira pamoja na maksai mkongwe. Ng'washi alitangulia mbele akiwaongoza kwa kamba, Luhende akashika jembe nyuma. Ardhi ilikuwa laini, udongo ulipinduka mweusi, kazi ikaenda. Ng'washi alitembea akiuona ule ukuta ambao binti yake alikuwa akiutazama.

Jua lilikuwa limeanza tu kuchoma Diwani alipoanza kuburuta mguu na kutoa ulimi. Luhende akasimamisha jembe. Alikwenda mbele, akampapasa shingoni ilipokaa nira, akafungua kamba.

Nkwabi, jirani yao, alikuwa akipalilia upande wa pili wa mpaka. Akacheka.

"Luhende. Huyo ni diwani gani anayefunga ofisi saa nne?"

"Mchanga huyu," Luhende akasema.

"Udongo wenyewe huu wa kulimika mpaka jioni. Mtie fimbo, ana nguvu."

"Nguvu anazo. Maksai mchanga hulima asubuhi tu. Ukimkaza mpaka akalala na nira shingoni, basi, amejifunza kulala. Hata umchape mpaka fimbo ivunjike, kila ukimfunga atalala. Nimeona wengi. Mwisho wao ni bucha."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyosema jambo analolijua vizuri. Ng'washi alikuwa bado ameshika kamba.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyomwambia Nkwabi."

Luhende alimtazama mkewe, akaelewa mazungumzo yanakokwenda, akakunja uso. "Usianze, Mama Shija. Ng'ombe ni ng'ombe. Mtoto ni mtoto."

"Ndiyo. Ng'ombe umemwona ulimi. Mtoto ameng'oa nyusi mbele yako, unakula naye, hukuona."

"Mimi namtafutia maisha."

"Amelala na nira shingoni, Luhende." Hakumwita Baba Shija. "Leo asubuhi. Wewe ukaahidi fimbo."

Nkwabi aliinama kwenye palizi yake kama mtu aliyepoteza kitu kwenye majani.

"Akifeli?" Luhende aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Akifeli kama mwenzake, akaondoka? Nitamzika na huyu?"

"Shija hakufa kwa kucheza. Alifeli, nawe ukamwambia asikae machoni pako. Ndiyo maana alikwenda mbali."

Lilikuwa neno ambalo hawakuwahi kulisema nyumbani mwao. Luhende aliketi juu ya tuta, mikono magotini, akawa anatazama udongo alioupindua. Ng'washi alisubiri kidogo aone kama atasema ndiyo au hapana. Basi akaona kwamba akisubiri ruhusa, jioni itafika, kesho alfajiri itafika, na fimbo nayo.

Aliweka kamba chini, akaenda zake, miguu imejaa matope, moja kwa moja mpaka kwa Mwalimu Kyando.

Ilikuwa Jumamosi, watoto wa tuisheni walikuwa wamejaa barazani. Kila mmoja alikalia kigoda alichotoka nacho kwao. Cha Minza kilikuwa mstari wa mbele, kitupu.

"Mama, afadhali umekuja," mwalimu alisema. "Minza yuko wapi? Akianza kukosa mapema hivi—"

"Minza atakuja shule saa ya shule, mwalimu, na kengele ikilia atarudi nyumbani. Huku haji tena."

"Mzee Luhende anajua?"

"Nimemwacha shambani. Anajua."

"Huyu ndiye niliyemtegemea kuliko wote. Mnamharibia mwaka, mama. Kwa nini?"

Habari ya nyusi Ng'washi hakutaka kuisema mbele ya watoto waliokuwa wamemcheka binti yake. Lililomjia ni lile la shambani.

"Maksai mchanga hulima asubuhi tu," alisema.

Mwalimu, ambaye kwao hawalimi kwa ng'ombe, hakuelewa. Watoto walielewa. Hakuna aliyecheka. Na kuanzia wiki iliyofuata, kila walipozidishiwa masomo hadi giza, mmoja wao alilinong'ona neno hilo, wenzake wakalipeleka makwao, na wazazi wengine wakaona haya, wengine wakawachapa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku hiyo Ng'washi alipita katikati ya watoto, akachukua kigoda cha binti yake, akajitwika, akarudi nacho nyumbani jua likiwa la utosi. Alikuta uji umeganda, haujaguswa. Minza alikuwa vilevile, uso ukutani. Ng'washi alikiweka kigoda kando ya kitanda, akakikalia.

"Kwa mwalimu hurudi tena," alisema. "Nimekwisha kukutoa."

Mtoto hakugeuka. Aliuliza, "Na baba?"

"Baba yako ndiye aliyesema maneno yenyewe. Maksai mchanga hulima asubuhi tu."