Ungo wa Zaituni

Ngoma hupimwa kwa sikio la mwenye shughuli. Mmeusikia msemo huo, wanangu, mkauliza ulikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Bi Rukia alikuwa na binti mtu mzima, Zaituni, hodari wa kusuka ukili wa mikeka. Zaituni alizaliwa na usonji. Sauti na mwanga vilimwingia zaidi ya watu wengine. Tangu bibi yake afariki alijifungia chumbani, hasemi, hali mpaka abembelezwe. Rukia aliogopa kumpoteza mwanawe angali hai.

Wanawake wa mtaa wakaazimia kuchangisha fedha, wenye usonji wapate baraza la kukutana kila Jumamosi, na mshauri wa kuwatuliza nyoyo. Watachangishaje? Kwa ngoma, maana mcheza kwao hutunzwa.

Siku ikafika, zikaletwa ngoma tatu na vipaza sauti viwili, yote kwa kumpenda tu. Zaituni akavikwa kanga mpya, akaketishwa mbele atunzwe. Ngoma kubwa ilipolia aliziba masikio, akapiga yowe, akakimbilia jikoni.

"Tunamchangia, naye anatukimbia!" watu wakanong'ona.

Rukia alitahayari, akamfuata amrudishe kwa nguvu. Bi Saumu, kiongozi wa ngoma, akamshika mkono, kisha akachutama mlangoni.

"Mwanangu, tumekosa wapi?"

Zaituni akashusha mikono masikioni. "Inanipiga kichwani."

"Basi ipigwe vipi?"

Zaituni akautazama ungo wa kunde uliokuwa mekoni. Akauinua, akapepeta. Shaa, shaa, shaa.

Rukia akaangua kilio. Miaka ishirini na sita amemlea, na swali hilo hakuwahi kumwuliza.

Saumu akazima vipaza sauti, akaagiza kila nyumba ilete ungo. Wanawake wakaketi uani wakapepeta kunde kwa pamoja, taratibu, mpaka ikawa kama mvua ya manyunyu inanyesha mahali pasipo na wingu. Watu wakavua viatu bila kuambiwa. Wakaja mmoja mmoja kutunza, wakiweka walichonacho juu ya mkeka kimyakimya, na wengine hawakutaka kuondoka tena.

Zaituni akatoka. Akaketi katikati yao na ungo wake, akaanza kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa bibi yake. Rukia hakuthubutu hata kupenga kamasi, asije akaukatiza.

Baraza likapatikana. Na mtaani pale, kabla ngoma yoyote haijaguswa, mtu huuliza kwanza: shughuli hii ya nani? Ngoma, wanangu, hupimwa kwa sikio la mwenye shughuli.