Jembe la Siku ya Tatu

Tegeni masikio niwatajie waliokuwapo. Alikuwapo Lubinza, baba, Kabula, mama, Nyanzobe, bibi mzaa mama, na Minza, binti mkubwa. Wote mbwa mwitu. Swala walikuwa wamepungua na watoto wameongezeka, basi Minza alikuwa akiaga.

"Ukipata kwako, lia nisikie," bibi alisema. "Sifi kabla ya hapo."

Minza akavuka vilima vitatu, akafika bonde la Zimwi.

"Hodi!"

"Karibu, mgeni," Zimwi akacheka, akiwaza kumnenepesha kwanza.

Siku ya kwanza akampa nyama. Siku ya pili akampa nyama. Siku ya tatu akanoa kisu.

"Babu," Minza akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu liko wapi?"

"Mbwa wewe, ulime nini?"

"Mila ni mila. Au mazimwi hamkufundwa?"

Zimwi akaona haya, akampa jembe lake, akisahau kwamba ardhi ilimtii yeyote aliyeipiga kwa jembe lile. Minza akauma mpini. Pigo la kwanza likafungua pango, la pili likaleta swala, la tatu likamgeuza Zimwi kichuguu.

Minza akapanda juu ya kichuguu, akalia kwa furaha hata vilima vyote vitatu vikaitika.

Kwao walimsikia. Nyanzobe alikufa jioni hiyo.