Siku Mfumwa Alipoteleza Msituni

Zamani, tena zamani hasa, babu wa babu yangu akiwa bado hajaota jino, milima hii ya Upare ilikuwa msitu mtupu. Wewe Sekiete, acha kumfinya mwenzio, usikie.

Alikuwapo mwanamke aitwaye Nakijwa. Kazi ikiisha, yeye msituni. Anatembea, anasikiliza mbega, anaoga kwenye maporomoko, anarudi mikono mitupu. Watu wakamcheka: "Kuni haleti, asali haleti. Anafuata nini huko?"

Basi mwaka mmoja Mfumwa Mkamba, mtawala wa mlima, akaamuru msitu wote ukatwe, yapandwe mahindi. Nakijwa akaumia moyo, akamwendea.

"Mfumwa, na maji tutapata wapi?"

"Maji si yamo ndivani? Bwawa tumelichimba wenyewe. Jioni tunaliziba, asubuhi tunalizibua. Msitu unahusika nini?"

Watu wazima hao, wajukuu zangu, na ndevu zao. Hawakuwahi kujiuliza usiku bwawa linajazwa na nani.

Lakini ilikuwapo desturi: anayetaka kukata msitu sharti kwanza auzunguke kwa miguu, akiongozwa na anayeujua. Na aliyeujua alikuwa mmoja tu. Wakapanda, wakapanda, wakapanda, Mfumwa akihema na shoka begani. Kufika kwenye mteremko wa nyasi mbichi, Nakijwa akakalia ganda la mgomba-mwitu, akateleza hadi chini.

"Zamu yako, Mfumwa."

"Mimi, na uzee huu?"

"Njia ni hiyo moja, baba."

Mfumwa akakalia ganda jingine. Akateleza, akateleza, akatua kijitoni, maji hadi kiunoni. Akacheka mpaka machozi. Kisha akayatazama yanavyopita.

"Haya maji yanakwenda wapi?"

"Tuyafuate."

Wakayafuata, wakayafuata, hadi yalipomwagikia ndivani, bwawa lake mwenyewe. Mfumwa akakaa ukingoni. "Nakijwa," akasema, "kesho ningewaua watu wangu kwa kiu."

Msitu haukukatwa. Ikawa kila baada ya mavuno watu wote wanapanda msituni siku nzima, bila panga wala kamba ya kuni, kutembea na kuoga na kuteleza. Na aliyekuwa akisukumana na watoto ili ateleze wa kwanza ni Mfumwa.

Kwa hiyo msiseme kitu ni cha bure kabla hamjakitembelea. Kisa kimefika nyumbani, nami nakitua. Aliyekisikia akampe asiyekuwapo.