Ua Juu ya Kitone

Mama mmoja alikuwa na mwana wa pekee, na mwana huyo aliishi nchi ya mbali. Mama aliitwa Bi Zuhura, mjane, mshonaji wa foronya na vitambaa vya makochi. Mwana aliitwa Shaweji. Alikuwa amekaa ugenini muda mrefu bila kurudi, hata babake alipozikwa hakuwepo. Sasa alitaka kuoa huko huko. Posa ilikwisha kupokelewa, lakini alisema hataoa mpaka apate radhi ya mama yake, tena aipate akimtazama usoni, maana radhi ya kuisikia kwa sikio tu aliiogopa. Kwa ajili hiyo alimpa msafiri mmoja kishikwambi, hicho ambacho wengine wanakiita tableti, amfikishie mama, ili waonane.

Bi Zuhura alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akafanya kama tunavyofanya sote. Majumbani mwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina kitambaa chake, kochi limevikwa mgongo na mikono, na rimoti nayo tumeifunga nailoni mpaka vitufe havisomeki. Chekeni tu, lakini mkifika nyumbani mtaikuta. Basi Bi Zuhura akaona haya kukiacha kile chombo kitupu. Alifungua sanduku, akatoa kanga ya harusi yake, ambayo hakuigusa tangu afiwe, akaikata. Ndani aliweka kipande cha blanketi ili chombo kisiumie kikianguka. Kwenye pembe akashona lastiki za kukishika. Halafu akauzungushia ukingo wa kioo utepe mpana alioutoa kwenye pindo la kanga, kama fremu ya picha. Ilikuwa kava nzuri kweli, na wanawake wa mtaa walikuja kuitazama.

Katika kushona aliona jambo lililomsumbua. Juu ya kioo, katikati ya ule ukingo mweusi, palikuwa na kitone. Kilikuwa kidogo mno, mfano wa mbegu ya mchicha. Alikisugua kwa kidole chenye mate, hakikutoka. Alikipangusa kwa kitambaa, kikabaki pale pale. Akasikitika, akidhani mwanawe ameuziwa kitu chenye kasoro. Na mshonaji anajua la kufanya penye kasoro. Foronya ikiungua kwa pasi, pale palipoungua ndipo pa kudarizi ua. Mnunuzi atalisifu ua wala hataliona doa. Basi Bi Zuhura akadarizi ua jekundu, zito, akalishona juu ya kitone hicho hasa. Alifanya hivyo kwa mapenzi, ili Shaweji asije akaaibika.

Sikilizeni sasa yaliyompata. Shaweji alipiga. Mama akamwona mwanawe kwenye kioo, amenenepa kidogo, ndevu zimemjaa, akacheka kwa furaha. Lakini kijana kwa upande wake aliona giza.

"Mama, sikuoni."

"Nipo hapa, baba. Nakutazama."

Kwao mama akikasirika hatukani wala hapigi. Hukupa kisogo tu, na hiyo inatosha. Naye Shaweji alikuwa na deni moyoni la yale mazishi. Akawaza kwamba mama amekigeuzia chombo ukutani, ili amsikie bila kumwonyesha uso.

Akapiga kesho yake, na siku nyingine, na nyingine tena. Bi Zuhura alifungua madirisha yote. Akavaa ushungi mweupe. Akakitoa chombo uani, juani. Akakisogeza mpaka pua yake ikagusa kioo, akauliza, "Sasa je?" Akaambiwa ni giza. Kila mara alimwambia mwanawe kwamba radhi anayo, ya duniani na ya akhera. Na kila alipoisikia sauti ile isiyo na uso, kijana aliiamini kidogo kuliko jana. Mwisho akasema, "Nigeuzie uso, mama, nakuomba. Najua sikuja kumzika baba."

Maneno hayo Bi Zuhura hakuyaelewa hata chembe. Augeuze uso upi, naye uso umemwelekea? Alifikiri pengine macho ya mwanawe yameharibika, akamuuliza kama amekwenda kwa daktari. Kijana akadhani anakejeliwa, akakata simu. Harusi ikaahirishwa. Ndugu wa bibi harusi wakaanza kunong'ona kwamba mtu asiye na radhi ya mamake si wa kuozwa. Mama akawa hali, halali, akimwuliza kila mtu amekosa nini. Alikuwa amekata kitu alichokipenda kuliko vyote ili mwanawe amwone, na mwanawe hamwoni. Nami ninayewasimulia, hapa sijui nimlaumu nani. Nikitazama mikono yake naona mapenzi matupu.

Siku moja wakati Shaweji amepiga tena, yupo kwenye kioo, aliingia jirani, Bi Sikudhani, kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mumewe alikuwa fundi simu, na vyombo hivi alivijua. Akaitazama ile kava, akashika kiuno. "Shoga, hapo ulipodarizi ndipo penye jicho lake, kamera. Umekipofua!"

Bi Zuhura hakubishana. Alichukua wembe, akafumua nyuzi za ua upande mmoja na wa pili. Akaliinua ua kama mtu anayeinua kawa juu ya chakula.

Mwanga ukaingia. Na kwenye pembe ya kioo, pale ambapo siku zote palikuwa peusi, akatokea bibi kizee. Bi Zuhura aligeuka nyuma aone ni nani aliyeingia. Hapakuwa na mtu ila jirani yake. Akatazama tena. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, mifupa imetokeza, shingo imekuwa kamba. Kumbe ni yeye, maana chombo hiki humwonyesha mtu na sura yake mwenyewe pembeni. Alikuwa akikohoa tangu kiangazi, chakula hakipiti, na kila alipoulizwa na mwanawe alijibu kwamba ni mzima wa afya. Kioo cha nyumbani mwake kilikuwa kimeliwa na kutu, hakikumwambia kitu. Hiki kilimwambia mara moja.

Akalirudisha ua mahali pake, akalikandamiza kwa kidole gumba.

"Mama, nimeshakuona. Ondoa kidole."

Hakuondoa.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, nami nimeufikiria mfano huu nikitembea na nikilala. Mwanamke huyu alilia kwa kutoonekana. Alijiuliza mchana kutwa nini kimemfunika. Alipofunuliwa, ukweli haukukaa naye hata muda wa kumeza mate. Ua la kwanza alilishona kwa kutojua, na asiyejua tumwonee huruma. Hili la pili, alilolikandamiza kwa kidole, je? Alikuwa anamficha mwanawe uchungu, au alikuwa anajificha mwenyewe? Nikisema ni mapenzi, naona haya. Nikisema si mapenzi, naona ninamsingizia.

Kijana alikuwa amekwisha kupata alichokitafuta. Kwa muda ule wa kupepesa jicho tu aliuona uso wa mama umemwelekea, haukumpa kisogo hata siku moja. Habari ya radhi hakuiuliza tena. Alichouliza sasa ni kimoja, "Unaumwa nini, mama?" Akauliza kwa upole, akauliza kwa ukali, mwisho akauliza analia. Bi Zuhura alimwona vizuri sana, chozi linavyomtiririka mpaka kwenye ndevu. Akamjibu kwa sauti ya uchangamfu kwamba ni mzima wa afya, aoe kwa amani, Mungu ambariki. Hata jirani alipochukua ile mbuzi ya kuazima na kutoka, kidole kilikuwa bado pale pale juu ya ua, kimekuwa cheupe kwa kukandamiza.

Ndugu yangu, wewe unayemwomba Mola kila siku akutazame, kidole chako kiko wapi?