Yangeyange wa Ziwa Lwamu

Soma hii taratibu, kisha mpelekee yeyote unayemjua ambaye kazi yake inasifiwa sana.

Palikuwa na mpiga picha mmoja aitwaye Masalu, aliyeishi kando ya Ziwa Lwamu. Alipenda kupiga picha za yangeyange, wale ndege weupe wenye miguu mirefu. Ndege hao walijenga viota kwenye kisiwa cha matete katikati ya ziwa, mbali kiasi kwamba kwa macho ya kawaida walionekana kama vitambaa vilivyoanikwa. Lenzi ndefu ya Masalu ndiyo pekee iliyoweza kuwafikia.

Picha zake ziling'aa. Ndege walitoka weupe kabisa, na watu walizipenda. Halmashauri ikachukua moja, ikaibandika kwenye bango kubwa barabarani: "Karibu Lwamu, ziwa safi."

Mdogo wake, Kwandu, alikuwa akipiga picha za harusi mjini. Siku moja alikuja kumtembelea, akazitazama zile picha moja moja.

"Kaka, manyoya yako wapi?"

"Manyoya gani? Si hao ndege hapo?"

"Naona umbo la ndege, na ndani yake weupe mtupu. Ukimpiga bibi harusi hivi, lesi yote ya shela inapotea. Kamera inaona matete yenye kivuli, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Wewe ndiye wa kuupunguza, mpaka manyoya yaonekane."

"Nikipunguza, matete yanakuwa meusi. Picha inakuwa ya huzuni. Nani ataibandika?"

"Lakini itakuwa ya kweli."

Masalu akacheka. "Wewe baki na maharusi wako."

Msimu huo maji ya ziwa yakaanza kunuka. Jirani yake Masalu, Mama Ngolo, alifiwa na ndama wake wote. Akasimama kwenye mkutano wa hadhara, akasema kiwanda cha ngozi kilichoko juu ya mto kinamwaga uchafu.

Mkutano ulifanyika karibu na lile bango. Ofisa wa halmashauri aliyekuja kujibu alinyoosha mkono kwenye bango.

"Mama, watazame hao ndege. Wanashinda ndani ya maji hayo hayo. Yangekuwa machafu, wangekuwa weupe hivyo?"

Watu wakageuka wakatazama. Ndege walikuwa weupe pe. Mama Ngolo akaketi. Masalu alikuwepo, na moyoni aliona fahari.

Watu wakaendelea kuteka maji. Masika yalipoisha, yangeyange wakaanza kuelea wamekufa, na upepo ukawasukuma hadi ufukoni. Masalu akamwokota mmoja. Manyoya ya kifuani na tumboni yalikuwa yameshikana, yana rangi hafifu kama chai ya maziwa, na hata alipoyaosha, rangi haikutoka. Wiki hiyo hiyo mtoto wa mwisho wa Mama Ngolo aliugua tumbo, akafariki.

Mtaalamu wa maji akaitwa. Akasema doa kama lile la kwenye manyoya haliji kwa siku moja.

"Ikipatikana picha inayoonyesha lilianza lini, kiwanda hakitakuwa na la kusema."

Masalu alikimbia nyumbani, akawasha kompyuta. Akafungua picha za msimu mzima, akashusha mwanga. Weupe ukageuka kijivu. Akashusha tena, kijivu kikakolea. Hakuona doa wala unyoya.

Akampigia Kwandu simu. "Zinaweza kuokolewa?"

Kwandu akamjibu. "Picha yenye giza unaweza kuivuta ukakuta kitu ndani yake, kaka. Weupe ukishaungua kwa mwanga, hakuna kilichobaki ndani."

Kiwanda hakikufungwa. Kisiwa cha matete kikabaki kitupu.

Masalu akaenda msibani. Mama Ngolo alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wenzake. Habari za mtaalamu zilikuwa zimeshamfikia.

"Hata moja, Masalu?"

"Hata moja, mama."

Mama Ngolo akavuta kanga akajifunika uso.

Funzo: Usiling'arishe jambo ili usifiwe hadi ukazifuta alama zake, maana siku utakapouhitaji ukweli wake, hutaukuta.